Upande wa Kushoto wa Picha ya Mama

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Dowa, Malawi

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hujaigusa ile karatasi ngumu iliyo nyuma ya barua hii. Iache pembeni usome. Nakujua: hata zawadi za harusi yako ulizifungua wageni wakiwa bado wanakula.

Habari za nyumbani? Mama ameamkaje? Bado anakataa sukari kwenye chai halafu anailaumu chai kwamba haina utamu? Shemeji naye, kifua kimepoa? Huku sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mke wangu Nyota anakusalimu sana. Biashara yake ya mandazi inasukuma siku, hailemei wala haikimbii. Mtoto wetu Neema sasa anaongea Kichewa zaidi kuliko Kiswahili. Ukimpa kitu anapiga magoti, anapokea kwa mikono miwili na kusema "zikomo", yaani asante, kama watoto wa hapa wanavyofundishwa. Natamani Mama amwone, maana mimi na wewe tulikuwa tunapokea kwa kunyakua.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati tunasalimiana kwa simu karibu kila siku. Mama Solange wa kanisa letu ameamua kurudi Bukavu kwa mume wake, na amekubali kukubebea bahasha hii. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi, kwa kuwa wewe ni yaya wangu, nakuachia. Karatasi itabidi uisikilize mpaka mwisho.

Mvua mwaka huu imetutembelea vizuri, vizuri kupita kiasi. Kazi ya picha ipo, hasa harusi. Juzi niliitwa Madisi, kwenye harusi ya Mrundi mmoja anayefanya biashara pale. Nilipanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, huku nimeikumbatia kamera kifuani kama yai, na kwenye mteremko mwenye baiskeli akaanza kumwimbia Mungu. Hapo ndipo nikajua kwamba breki hazipo. Tulifika salama. Nilipiga picha ya bibi harusi ameinamisha macho, uso umefunga kabisa, nikaiweka kwenye kundi letu la wapiga picha kwenye simu. Gervais, yule Mkongo wa Area 18 kule Lilongwe mwenye kamera kubwa kutushinda sote, akasema picha ina kasoro, bibi harusi ana huzuni, ningesubiri atabasamu. Wanawake wa Kirundi wakamjibu kwamba kwao bibi harusi anayecheka siku hiyo ataonekana amechoka kukaa kwa wazazi wake. Gervais akaomba radhi kwa heshima. Nakusimulia hili kwa sababu limenikaa kichwani: mtu anaweza kuwa na jicho zuri sana na bado asijue anachokitazama.

Kundi letu unalijua, hiyo Meza ya Picha, lakini uliingia likiwa limeshatulia. Mwanzoni lilikuwa ibada. Mtu anaweka picha ya mbuzi, ukungu mtupu, mbuzi mwenyewe amekatwa masikio, na sisi sote: Amina, barikiwa mtumishi, picha nzuri sana. Hatukuwa wanafiki, Yaya. Hapa kambini kila mtu amepoteza vya kutosha, na kumwambia kwamba kazi yake ina kasoro ni kama kumpokonya kile kidogo kilichobaki mkononi. Aliyetukomesha ni Espérance, yule fundi cherehani wa Burundi anayeshona karibu na soko. Aliandika: "Tunabarikiana tu, na mafoto yanabakia mabaya. Mi sitaki baraka, nataka kujua."

Kutoka hapo ndipo tukajiwekea utaratibu ule uliokusumbua ulipoingia. Anayeitazama picha aanze kwa kusema anachokiona, si anachokipenda. Naona mwanamke, naona ndoo, naona kivuli kimemkata usoni. Halafu aseme kinachoishika picha na kinachoiangusha. Mwenye picha ananyamaza mpaka wenzake wote wamalize. Wakimaliza, anashukuru, na kama ana neno analisema. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Zamu yangu ya kwanza nilikaa nimeshika simu kama mtu anayesubiri daktari.

Siku hiyo Espérance aliuliza: "Bahati, hawa bantu bote banaishi ku ukuta moja?"

Ule ukuta umeuona. Ni wa kinyozi wa sokoni, umepigwa plasta na rangi ya buluu, na nyumba zetu za matofali mabichi hazina kitu laini namna ile. Jumapili baada ya ibada watu hupanga foleni mbele yake, kila mmoja na nguo yake bora, ili picha iende Bujumbura, Uvira, Bukavu, na huko waseme: kumbe anaishi vizuri. Sisi wapiga picha wa hapa tumeuzoea mpaka tunajua saa ambayo kivuli cha paa hakijaushukia. Nilimchukia Espérance, nikanyamaza kundini muda mrefu kuliko utaratibu unavyodai.

Nilipokuingiza kwenye kundi sikusema kwamba wewe ni yaya wangu. Nilisema tu, dada mmoja wa Bukavu anajifunza kupiga picha kwa simu. Sikutaka wakuonee haya. Na wewe hukukawia, zamu yangu ilipofika ukaandika: "Naona baba, mama na mtoto. Naona ukuta wa buluu tena. Sioni mlango." Watu walikusifu kwa jicho lile. Mimi niliandika zikomo, nikaishia hapo. Neno lako halikunitoka.

Sasa tufike kwa Mama.

Siku ulipoiweka ile picha yake ya sebuleni, amesimama kando ya meza na kile kitenge cha majani ya njano, niliisogeza simu karibu na macho. Sikuwa mpiga picha tena, nilikuwa mtoto wake tu. Niliacha wengine waseme. Mmoja aliona mwanga wa dirisha umemwangukia shavuni vizuri. Espérance alisema: "Naona mama anacheka. Naona mukono yake ku meza. Uso unacheka lakini mukono haucheki." Gervais akasema upande wa kushoto kuna kitu cha chuma kimeingia nusu, kinavuta jicho, ukikate. Alikuwa sahihi. Kwa picha, kile chuma kilikuwa takataka. Ulishukuru, na kesho yake ukaleta picha iliyokatwa: Mama kuanzia kifuani, mwanga, tabasamu, basi. Kundi zima likakupigia makofi. Tangu siku hiyo picha zako zote za Mama zimekuwa hivyo, ameketi, za karibu, na za kupendeza.

Lakini ile ya kwanza nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu. Niliikuza, nikautazama upande wa kushoto. Yaya, mimi nililala kwenye kitanda kile nikiwa na surua. Kichwa chake cha chuma kina ua lililopinda, nililipinda mimi mwenyewe kwa kuning'inia. Ni kitanda cha Mama. Na kitanda cha Mama kinakaa chumba cha juu, unapanda zile ngazi za mawe nyuma ya jiko. Kinafanya nini sebuleni?

Nilikupigia simu. Ulisema, "Mama iko muzuri, anakusalimia," na yeye mwenyewe akapaza sauti kwa nyuma kunitania kwamba nimesahau sura yake. Nikacheka, nikakata simu. Nilishindwa kukuuliza. Nilikuwa na hasira na wewe, nasema waziwazi, na niliogopa zaidi ya kukasirika. Mtu akiwa mbali, kila asichoambiwa hukimalizia mwenyewe, na mimi nilikimalizia vibaya sana. Mara ameanguka kwenye ngazi. Mara miguu imekataa. Mara ni kitu kibaya kuliko hivyo na mnanitunzia mpaka siku ya kunipigia mkilia. Nilikuwa nampiga mtu picha ya pasipoti huku namzika Mama kichwani.

Nyota ndiye aliyenisukuma kwenda kwa Espérance, amechoka kunisikiliza. Nilimkuta anapindia sketi ya shule. Nilimweleza kila kitu, kwamba wewe ni yaya wangu, na kwamba unanificha mama yangu kwa kumkata pembeni. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani, akakata uzi kwa meno, akauliza: "Na we, unabatumiaka foto gani?"

Nilizikumbuka zetu zote nilizowatumia ninyi, zote mbele ya ukuta wa buluu. Niliaga nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nasikia neno lako: sioni mlango.

Yaya, sasa itoe ile karatasi ngumu. Nimeipiga mbele ya mlango wetu, mchana, bila kupanga chochote. Nyota alibisha sana. Aliniuliza, "Unataka ba wifi baone hii?" Nikamjibu, "Hii njo nyumba yetu." Akaenda kubadilisha kitenge, nikamrudisha, akarudi amenuna, na ndiyo maana amenuna hapo. Mlango ni wa mabati ya madebe yaliyofunuliwa. Ukuta wa kulia mvua iliulainisha ukaanguka, zile nguzo nimezisimamisha mimi mpaka kiangazi kije tufyatue matofali mengine. Juu ni plastiki na mawe ya kuizuia isipeperushwe na upepo. Neema ameshika kikombe cha mtu mwingine. Mimi, niliyeitega kamera ijipige yenyewe, ni yule aliyekonda, na siumwi, ni kukonda tu. Tunakula, tunalala, hatulowani upande wa kitanda. Hayo ndiyo maisha yetu, si mabaya kama yanavyoonekana wala si ya buluu.

Nilipata ruhusa ya kutoka, nikaenda kuichapisha Lilongwe, kwenye duka moja la City Centre. Kijana wa pale Mmalawi, mpole sana, aliifungua kwenye kompyuta yake, akaniuliza kama anisafishie ile plastiki na zile nguzo, ni kazi ya dakika, aniwekee na anga zuri. Nilitamani. Sitakudanganya, mkono ulitaka kumwonyesha pa kufuta. Nikamwambia zikomo, iache ilivyo.

Basi nami nifanye zamu yangu niliyoikwepa siku ile. Mbele ya watu nisingeweza kumsahihisha yaya wangu, hata kama hawakujua, lakini hapa tuko wawili.

Naona Mama. Naona kitenge tulichomnunulia mimi na wewe. Naona mwanga wa dirisha la mashariki, kwa hiyo ni asubuhi, na tayari amesukwa nywele, na najua ni nani aliyeamka mapema kumsuka. Naona mkono umeshika ukingo wa meza kwa nguvu mpaka vidole vimepauka. Naona kichwa cha kitanda na ua lililopinda. Naona shuka limetandikwa bila mkunjo, kwa hiyo anayelala pale anatunzwa vizuri. Kinachoishika picha ni huo mkono na hicho kitanda. Gervais hakukosea kuhusu picha, ila hakujua ni nyumba ya nani. Ulipokata upande wa kushoto ulinikata mimi. Ile picha ya kwanza ndiyo kazi yako bora kuliko zote, Yaya, na nadhani uliilegeza kamera upande ule kwa sababu moyo wako ulitaka nione.

Siwezi kuja. Unajua hivyo, na labda ndiyo sababu mlinyamaza: mtaniambiaje kitu nisichoweza kukitendea lolote? Lakini kuhofia ninahofia tayari. Niache nihofie kitu chenyewe. Kama ni magoti, nihofie magoti. Kama ni zaidi, niombe kwa jina la ugonjwa, nisiombe gizani. Na kama wewe ndiye unayembeba kwenda kuoga, usiku na mchana, nataka kulijua hilo pia, maana hakuna hata picha moja ambamo wewe umo.

Nisalimie Shemeji, mwambie aache sigara za kujificha, harufu haijifichi. Nisalimie Tantine wa soko la samaki, na mwalimu wa kwaya aliyenifukuza kwenye sauti ya tatu, alikuwa sahihi. Wabusu wapwa wangu. Mama mwonyeshe picha yetu, ukianza na Neema. Akiuliza kuhusu paa, usimdanganye. Mwambie Bahati amesema kiangazi kinakuja.

Mimi nimemaliza kusema ninachokiona. Kwa utaratibu wetu, sasa ni zamu ya mwenye picha. Mama Solange ana simu nzuri na atafika kwenu na barua hii mkononi. Mwombe apige picha yeye, asimame mlangoni, arudi nyuma mpaka sebule nzima iingie: kitanda, meza, Mama jinsi alivyo, na wewe kando yake.

Msikate chochote.

Mdogo wako,
Bahati