Jaji Elizabeth Katoo, Aliyeshona Majoho Kabla ya Kuyavaa

Mwaka umetimia, Katoo, tangu tulipokulaza karibu na mama yako hapa Kitengela. Bado mtu akibisha hodi jioni tunadhani ni wewe umetoka kazini.

Wengi walikujua ukiwa jaji. Sisi tulikujua ukiwa na cherehani, ukiwashonea mawakili majoho yaliyoraruka, katika kibanda chako kule Kajiado. Ukimaliza uliyapeleka kortini mwenyewe, na kama wakili bado alikuwa anazungumza, uliketi nyuma kumngoja. Ndivyo ulivyoanza kusikiliza. Baadaye ukawa unakwenda hata kama huna joho la kupeleka. Ulifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na binti yako Purity, mkigombania meza moja. "Mama, ukinipita nitahama," alikuambia. Hukumpita. Ulicheka, ukaenda kusomea sheria.

Hukuwa mwepesi wa kuhukumu. Watoto wakishtakiana kwako ulimsikiliza anayelia, kisha ukamuuliza na yule aliyenyamaza.

Kaka yako Lemein aliziba kwa seng'enge njia ambayo ng'ombe wa jirani yetu, mjane Nthambi, hupitia kwenda kisimani. Nthambi akamshtaki. "Mpigie hakimu simu," Lemein alikuambia. "Si ni mtu wenu?" Ukamjibu polepole, "Hiyo siwezi, ndugu yangu. Fungua njia, kesi iishe leo." Akaapa kwamba hana dada.

Krismasi ulikuja nyumbani. Wewe, ambaye watu husimama ukiingia kortini, ulimwinamishia Lemein kichwa akuguse utosini, kama tunavyowasalimu wakubwa wetu. Yeye akatia mikono mfukoni.

"Mheshimiwa, mimi si wa kuinamiwa na jaji."

Ulibaki umeinama kitambo. Nasi tuliokuwapo tulisogeza sahani, tukaendelea kula. Hakuna aliyesema, "Lemein, mguse mtoto wa mama yako." Februari ukatutoka.

Lemein alibeba jeneza lako. Tangu siku hiyo hakupita karibu na kaburi. Alizunguka nyuma ya zizi. Na seng'enge ilibaki, kesi ikiahirishwa kila mara, kwa sababu kuing'oa ni kukiri kwamba ulisema kweli, na wewe haupo tena kuambiwa.

Wiki iliyopita alitoka asubuhi akaing'oa peke yake, mikono ikachubuka. Nthambi alisimama kwa mbali pamoja na ng'ombe wake, hakuamini.

"Lemein, ni nini kimekupata?"

"Nimechelewa, mama. Pitisha tu."

Ibada ya kukukumbuka ni Jumamosi, hapa nyumbani. Lemein ameomba tusianze kuimba mpaka ng'ombe wa Nthambi wawe wamekunywa maji.

Wanaokukumbuka ni watoto wako Purity na Oscar, dada yako Kakenya, wajukuu, majirani, na kaka yako Lemein, ambaye ameomba jina lake liandikwe mwisho.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Katoo.