Kufuli la Baba Mdogo

S.L.P. 83,
Biharamulo.
Jumatano, 14 Novemba 2007

Mpendwa Shangazi Kuluthumu,

Shikamoo. Natumaini huko Tanga mmeamka salama na goti lako limepoa. Sisi huku ni wazima wa mwili, ila mimi mwanao nimebanwa na jambo.

Unajua ndugu yako, Baba Mdogo Haji, ndiye aliyenipa kazi, tena chumba nyumbani kwake. Ofisi yetu inaandika programu ya kupanga orodha za wakimbizi wa kambi ya Lukole wanaorudi Burundi. Tunaandika watu wanne, kwa hiyo tunayo programu nyingine ya kutunza kila badiliko, tusifutiane kazi. Zamani tuliiamrisha kwa maandishi matupu. Mwezi huu limekuja toleo jipya la picha na rangi, nikalishangilia kama mtoto! Mistari mipya ni ya kijani, iliyofutwa ni myekundu. Ukibofya mstari wowote unaona nani aliuandika na siku gani. Na faili unaweza kulitia kufuli, asiliguse mwingine.

Raha yangu ilidumu hadi jana. Nilikuwa Lukole kupeleka karatasi za safari, mama mmoja, Esperansia Ntirampeba, akanishika mkono. Yeye yumo kwenye basi la kesho Alhamisi. Wanawe watatu hawamo.

"Mwanangu, Ntirampeba ni jina langu peke yangu," aliniambia. "Kwetu kila mtoto anapewa lake. Kwani si wangu?"

Niliporudi nikautafuta mstari wa programu uliowaacha watoto wale. Unasema asiye na jina la ukoo la mkuu wa kaya si wa kaya hiyo. Sisi ambao ukoo mzima tunaitwa Makame, nani angewaza vingine? Nikabofya. Likatokea jina la Baba Mdogo.

Faili lina kufuli lake, naye yuko Mwanza msibani. Leo asubuhi nikampigia simu.

"Usiguse. Nikirudi Jumamosi nitaangalia mwenyewe."

Nikamwambia basi ni kesho.

"Naima, umeanza lini kunifundisha kazi?" Akakata.

Menyu ina maneno "Vunja kufuli". Nikibofya, jina langu litakaa juu ya kosa lake, ofisi nzima ione, na halifutiki. Nisipobofya, watoto watabaki Lukole bila mama. Nimekaa hapa tangu asubuhi, Shangazi, naogopa. Nakula kwake, nalala kwake. Nikimwaibisha nitaingilia mlango gani?

Nisalimie Mwanaheri na Anuar, mwambie Anuar picha za harusi bado nazisubiri. Mungu akuongezee afya, akutunzie na macho uweze kusoma mwandiko wangu huu.

Mwanao anayekupenda mno,
Naima

N.B. Sasa ni saa kumi jioni. Nimelivunja, nikaurekebisha ule mstari. Orodha mpya imeshafika Lukole, Mama Esperansia na wanawe wote watatu wamo katika basi moja. Baba Mdogo amepiga simu mara tano, sijapokea. Akikulalamikia, Shangazi, usinitetee. Muulize tu kama yeye angepanda basi lile, akawaacha wanawe.