Piga Simu Kabla ya Jumatano

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imefika. Mlango wa jikoni umetengenezwa, na mama hatimaye amekubali kuvaa miwani. Baba anakusalimu, kwa sauti ile ya kukwaruza uliyodhani ni mafua.

Si mafua. Ni saratani ya koo, hatua ya tatu.

"Ya tatu kati ya ngapi?" baba alimuuliza daktari.

"Nne, mwalimu."

"Basi sijashika mkia."

Daktari akacheka. Mimi sikuweza. Njiani baba akaniuliza, katika watu kumi kama yeye, wangapi huwa hai baada ya miaka mitano. Daktari alikuwa amenionyesha jedwali: watano. Nikamwambia saba. Tulipofika mlangoni akanigeukia.

"Hesabu nilikufundisha mimi," akasema. "Ukidanganya huwa unajibu haraka."

Ile tano inanizunguka kichwani hata ninapopiga mswaki.

Jumatano atapasuliwa, zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, liondolewe lote. Atapumua kwa tundu shingoni, na sauti yake hatutaisikia tena. Piga simu kabla ya hapo, kaka. Usimuulize habari za ugonjwa. Muulize hesabu yoyote, kisha umwache aeleze mpaka achoke.

Mdogo wako,
anayejibu haraka