Mhuri Kwenye Kola

Cape Coast, 4 Machi 2002

Shangazi Araba,

Shikamoo. Habari za Winneba, na goti linaendeleaje? Sisi wazima. Mke wangu Efua anakushukuru kwa kasha la karatasi za kukatia nguo.

Nimekalia kiti chako cha majarida maktabani, na tayari nimekwama. Fundi anataka kujalidi jarida la walimu la mwaka 1981, lakini toleo la tatu halipo. Aache nafasi? Na Mwalimu Quansah, uliyempiga marufuku kwa kuliiba, bado asiingie? Ana miaka sabini na tisa. Kila Jumatatu anakaa benchi la nje, tunampitishia gazeti dirishani.

Mwanao,
Ekow

Winneba, 11 Machi

Ekow,

Marahaba. Goti linauma, ila halijanizuia kucheka. Mkuu wa majarida mzima anauliza kama aache nafasi! Toleo likikosekana, hakuna kujalidi. Unafunga kwa kamba, unamsaka mwizi. Mimi nilimsaka nikampata. Kadi inaonyesha yeye ndiye msomaji wa mwisho. Alilia mbele ya watu, mwanamume na tai yake. Suruali imepauka, chaki mpaka kwenye nyusi, na bado anajiona msomi. Hata lile benchi nilimruhusu kwa huruma tu.

Efua asizichane karatasi zangu. Ana mikono mizito.

Shangazi yako,
Araba

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Efua alikuwa anakata gauni la Pasaka. Akaniita, "Ekow, njoo! Hii kola ina mhuri wa kazini kwenu!" Tumevipanga vipande vya karatasi zako mezani: kola, mikono, kiuno. Ni toleo la tatu, Shangazi, na mistari ya penseli ni yako. Kadi walisaini wasomaji tu. Wewe hukuwa unasaini.

Nifanye nini?

Mwanao,
Ekow

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Hujajibu, wewe usiyekosa neno.

Fundi amevibandika vipande kwenye karatasi nyeupe na kujalidi. Jana nilimfungulia Mwalimu mlango. Hakuinuka. Alisema, "Mwanangu, sikufukuzwa na wewe."

Mwanao,
Ekow

Winneba, 19 Aprili

Ekow,

Marahaba. Niko hai. Fundi wako kama amemwaga gundi kwenye maandishi, ni bwege.

Vipande hivyo vilikuwa vya gauni la sherehe yangu ya kupandishwa cheo. Nilibeba toleo nyumbani Ijumaa nilisome, Jumamosi nikaona karatasi nzuri, ngumu, nikaikata. Jumatatu nikaanza kumsaka mwizi. Miaka yote hii nimejiambia nilisahau. Ni uongo. Nilijua, na nikamwacha alie, kwa kuwa alikuwa na suruali iliyopauka.

Jumatatu nakuja na gari la kwanza. Nitamwomba radhi kwa sauti ile ile niliyomfukuzia, watu wasikie. Mwekee kiti kizuri ndani, karibu na feni.

Mimi nitakaa benchini. Gazeti nipitishieni dirishani.

Shangazi yako,
Araba