Bandama ya Mzee Jabiri

Manundu, Korogwe
4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako uliyetoroka wodini. Picha yako ya tumbo imetoka. Ule mpira wenye kamera waliokuingiza kuangalia utumbo umevuta bandama, imechanika. Jambo hili huwapata wachache sana. Daktari wangu, ninayemwandikia kitabu cha utafiti, anayapanga majeraha hayo kwa madaraja: la kwanza ni mkwaruzo, la tano bandama imesambaratika. Lako ni la tatu, damu inavuja ndani. Rudi. Usibebe mzigo, usikandwe tumbo.
Mwanao, Hafsa

Sindeni, Handeni
7 Machi

Marahaba. Mimi mzima, nyie huko? Nimeuza mbuzi usome, leo unanipa daraja la tatu! La tatu wape hao wa Korogwe wanaolia wakiona sindano. Mwambie daktari wako Jabiri alibeba mkonge yeye hajaota meno. Tumbo halina neno. Bega la kushoto tu linauma, ni baridi. Lakini aniandike kitabuni mwake, watu wajue kuna mwanamume.
Baba yako

Manundu
9 Machi

Shikamoo baba, pole na bega. Hilo bega ni tumbo linasema. Damu ikijaa chini ya mbavu, maumivu hutokea begani. Kesho nakuja na gari. Nakuomba, baba.
Hafsa

Sindeni
11 Machi

Hafsa, hujambo? Ulisema unakuja, nikafunga mlango. Umelia barazani mpaka majirani wakadhani nimekufa. Mwanamke mwenyewe umeachika, unakuja kuniamuru mimi! Ila akili kidogo unayo: si umesema bega ni tumbo? Basi shangazi yako Hamisa amenikanda tumbo kwa kiwiko na mafuta ya nyonyo, jasho likamtoka yeye. Tumbo limejaa kama la tajiri, na usingizi huo unakuja mtamu. Kamwambie daktari wako.
Baba yako

Manundu
17 Machi

Baba, shikamoo. Nimetoka matangani kwako ndipo Denis wa posta ananipa barua yako ya mwisho. Nimemwambia daktari. Anasema kwa kuwa ulikandwa, haijulikani ulimalizwa na mpira au na kiwiko, na mtu wa hivyo hapangwi daraja lolote. Nimekufuta kitabuni kwa mkono wangu.

Shangazi anawasimulia wageni ulivyolala vizuri alipokukanda. Sijamwambia kitu. Jana akaniona nimekonda, akasema, “Lala hapo mwanangu, nikukande.”

Nililala.

Hafsa