Meneja Anajikuna

Jumatatu, 3 Machi
Meneja anajikuna tangu asubuhi. Mbwa wa mke wangu huyu, mimi mlezi tu. Amejiguguna juu ya mkia mpaka pametoka upara. Sitashindwa. Nimenyoa watu kwenye miji ambayo fundi viatu wa mlango wa pili hajui hata iko upande gani. Ngozi ni ngozi.

Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Alienda kusaidia kulea mtoto mchanga. Mtoto sasa ana meno.

Siku zote kwenye simu tunaongea kwa mkato — umekula, nimekula, haya. Leo nikamwambia mbwa anaumwa. Tumeongea mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Machi
Nimechemsha majani ya mwarobaini, nikayaacha yapoe kabisa. Kwanza nikamnyoa pale panapomwasha. Kiti cha wateja, kitambaa shingoni, anajitazama kwenye kioo kama mbunge. Fundi viatu akachungulia, eti huyo mzee anataka denge au kipara? Nikamjibu huyu angalau hanifundishi kazi. Kisha nikamwogesha Meneja kwa yale maji. Kajikuna kidogo tu baadaye.

Jioni simu ikalia. Kapiga mke wangu, yeye mwenyewe! Akaonya nisimpake mbwa vitu nisivyovijua. Nikasema mimi ni daktari, cheti tu ndicho kimechelewa. Akacheka. Naandika nisije nikasema niliota: alicheka.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mteja akitoka vipele kisogoni nampaka shubiri, kesho yuko safi. Nikampaka Meneja. Nilichosahau — mteja halambi kisogo chake. Meneja kalamba yote. Ameharisha duka zima, mpaka chini ya kiti. Wateja wametoka na vichwa nusu.

Daktari wa mifugo kaja. Kasema ule utomvu wa njano wa shubiri unavuruga tumbo la mbwa. Mwarobaini wa kuogea sawa, ila asiunywe. Nikataja kitunguu saumu, alichonishauri fundi viatu kwa ajili ya viroboto. Daktari kanitazama kwa huruma: hicho ni sumu kwake, mzee wangu. Nimpe maji kwa wingi na wali mweupe, nisimpake kitu tena.

Mke wangu nilimweleza yote. Halafu akasema asipopona nakuja mwenyewe.

Asipopona.

Jumamosi, 8 Machi
Tumbo lilitulia jana. Manyoya yameanza kuchomoza. Leo kafukuza pikipiki mpaka kona, karudi anatembea kwa madaha.

Simu. Anaendeleaje? Nikasema hivyo hivyo. Mimi, na mdomo wote huu — hivyo hivyo.

Fundi viatu alikuwa mlangoni, kasikia. "Bwana wee, mwambie mkeo umemkumbuka. Mbwa wa watu unamsingizia nini?" Nikamwambia ashone viatu.

Lakini nalala upande wangu wa kitanda tu. Ule mwingine sijaugusa.

Jumatatu, 10 Machi
Amepata basi. Keshokutwa mchana anafika.

Nimefagia, nimefua mashuka. Nikamtazama Meneja mgongoni. Mzima kabisa. Nikawasha mashine — ninyoe tena kidogo, paonekane pabaya. Mwenyewe akapanda kitini, akainamisha kichwa, akangoja. Nikaizima. Nimempa wali, nikaenda kukaa nje.

Jumatano, 12 Machi
Amefika. Amepungua, au ni macho yangu. Meneja kamrukia hadi kilemba kikaanguka. Yuko uani anampapasa mgongo, masikio, tumbo.

"Mbona huyu mzima?"

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Begi lake bado liko kizingitini, si ndani, si nje. Akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Nikasema sijui. Kinyozi, anayesikia habari zote za mji, asijue ratiba ya basi!

"Hujui, au hutaki nijue?"

Nimemwambia subiri nimalize mteja, nakuja kukujibu. Hakuna mteja. Kiti kitupu. Nimewasha mashine ingurume tu asikie nina kazi, na mimi naandika hapa, natafuta maneno. Nilikuwa nayo mengi.

Amesukuma mlango wa uani. Anakitazama kiti.