Meksiko ya Obhur

Jumapili, 9 Novemba 2025. Riyadh

Jabir amenipangia sanduku. Miaka mitatu ya ndoa hajawahi kunipangia hata sahani. Nguo ya kuogelea, ile nyeusi ya kufunika mpaka kwenye vifundo. Mafuta ya jua. Vitabu — hapana, vitabu amevitoa. "Tunakwenda kupumzika, bibie, si kufanya mtihani."

Siku nne Jeddah. Si kwa mama yangu, mtaa wa Sharafiya. Ufukweni Obhur, hoteli ambayo kila kitu kimo ndani: kula, kunywa, kuogelea, kupendana. Mtindo wa Kimeksiko, kasema, kana kwamba ni sifa. Kifurushi kinaitwa "Wawili Tu".

Barua ya maabara imo mkobani mwangu, imekunjwa mara nne. Wananipa kazi: utafiti wa selimundu, ule ugonjwa wa damu, Jeddah, miaka mitatu. Hii kazi niliianza kichwani nikiwa na miaka tisa, nikimsikia kaka yangu akililia mifupa yake chumba cha pili. Wanataka jibu kabla ya saa sita mchana, Alhamisi. Jibu langu ninalo tangu dakika ya kwanza. Ninalongoja ni lake. Ameahidi kuomba ahamishiwe tawi la kampuni yao la Jeddah, kisha tujibu pamoja, "huko ufukweni, tukiwa tumetulia".

Mama yake, Bi Zeinab, alikuja kutuaga. Kasema mwanamke akipumzika vizuri hurudi na habari njema. Alinitazama tumbo. Nami nikalitazama lake.

Jumatatu, 10 Novemba. Obhur

Meksiko ni plasta. Kuta za chungwa, za waridi, za buluu, kama keki ya mtoto. Madungusi ya plastiki yenye miiba ya plastiki. Wanamuziki wanne wa Kifilipino wamevaa kofia pana, wanaimba mapenzi saa tano ya mchana mbele ya watu wanaotafuta choo. Bahari iko nyuma yao, ndiyo pekee hawakuivisha kitu.

Mapokezini kuna kijana wa hapa hapa Jeddah, Saif. Alitufunga bangili za plastiki, yangu na ya Jabir, rangi moja. Simu zetu zikaingia kisanduku kimoja cha chuma. Ndiyo sharti la "Wawili Tu": kisanduku hufunguka bangili mbili zikiwekwa juu yake kwa pamoja. Mke peke yake hawezi. Mume peke yake hawezi. "Ili mpate kuonana," alisema Saif, akaona haya kwa niaba ya hoteli nzima.

Na Alhamisi? nikauliza. "Alhamisi asubuhi tutakifungua," akasema Jabir. "Wallahi, pamoja."

Mhudumu wa meza yetu ana kibandiko kifuani: ROSA, na kibendera cha Meksiko. Mwanamke mweusi, mrefu, kofia ya majani kama ungo, sketi ya marinda yasiyohesabika. Anasema Kiingereza kizuri na Kiarabu cha kazi. Jabir akaamua ni Mhabeshi. Basi tukaendelea kwa Kiswahili, kama tufanyavyo siku zote mbele ya watu.

Ndivyo tulivyolelewa. Babu zetu walikuja nacho kutoka Unguja mwaka sitini na nne, wajukuu tumekifanya pazia. Ofisini kwake Jabir ni mtu wa Maskati, Kiswahili hakijui hata kwa kukiota. Lifti ikijaa watu ndipo huninong'oneza nani ananuka. Kwetu sisi hii si lugha tena. Ni chumba cha kusengenyea.

Nami nilisengenya. Nilisema: "Wamemvika kama kinyago cha kufukuzia ndege shambani. Mtu mzima na akili zake, anakubalije?" Jabir alicheka mpaka akapaliwa. Rosa akamjazia maji glasi.

Nilifurahi kumchekesha. Naliandika hilo ili nilione.

Jumanne, 11 Novemba

Maji ya ndimu yenye chumvi ukingoni mwa glasi. Taco — ni shawarma iliyohamishiwa mkate mwingine. Parachichi limepondwa mbele yetu kwa heshima kama vile anazikwa mtu.

Alasiri, mchezo wa wanandoa. Andika kitu ambacho mwenzako anakitamani kuliko vyote. Jabir alisimama akasoma chake: "Mapumziko." Makofi. Mimi nilikuwa nimeandika juu yake: "Kusifiwa." Wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye pia alicheka. Alilipenda jibu langu.

Halafu punda wa karatasi, ametundikwa kwa kamba, tumboni peremende. Jabir kafungwa kitambaa machoni, kapewa fimbo. Alimpiga yule punda kwa bidii ambayo sijawahi kuiona nyumbani. Peremende zikamwagika na wageni watatu, wahandisi wazima, wakaziokota kwa magoti.

Nilimtajia uhamisho, amelala kwenye kiti cha jua. "Nimeshaomba, bibie. Wanafikiria." Kisha akafumba macho. Ana namna ya kuyafumba, kama mwenye duka anayeshusha mlango mteja angali barazani.

Jumatano, 12 Novemba

Roselyne. Jina lake ni Roselyne.

Saa tatu asubuhi nilikuwa peke yangu bwawa la wanawake. Alileta taulo. Nikasema shukran. Akanijibu kwa Kiswahili cha Kenya, polepole, kama mtu anayemimina maji ya moto na hataki yaruke.

"Usijali, madam. Hata kinyago hujua kubeba taulo."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia kwa kiganja.

"Hiyo tuwache. Wageni husema mengi. Mimi ni wa Bungoma, naitwa Roselyne. Hii Rosa ni ya hoteli. Nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka muende zenu. Lakini bwanako jana alinikaa vibaya kwa roho."

"Amekufanya nini?"

"Mimi? Hakuna. Ni wewe."

Jabir ana simu ya pili. Jana nilipokuwa nimelala alikaa kwenye kaunta ya juisi akazungumza na mama yake, kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kila siku, Roselyne akikamua machungwa hatua mbili kutoka kwake. Kasema: mwache aogelee. Alhamisi adhuhuri mlango utajifunga wenyewe. Uhamisho sikuomba, niombe nini, nikakae Jeddah chini ya macho ya mama mkwe? Tukirudi Riyadh yamekwisha, wala hatukugombana.

Wala hatukugombana. Hapo ndipo nilipoamini. Maneno hayo hakuna mtu angeweza kuyabuni kwa niaba yake.

Nikamuuliza kwa nini ananiambia, baada ya niliyoyasema juu yake. Alikuwa akikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Madam, mimi niko na diploma ya hoteli. Siku ya kwanza kuvaa hii kofia nililia kwa choo. Siku ya nne nikazoea, sasa hata nikiwa nayo nasahau. Hiyo bangili yako, wewe ulizoea siku ya ngapi?"

Akaenda. Sketi yake inachakarisha kama mfuko.

Nimehesabu siku. Barua ilifika Jumapili, tarehe mbili. Jioni ile ile alikuja na habari ya Obhur na akanibusu paji la uso. Mimi niliyesoma jinsi kosa dogo moja la damu linavyoweza kupinda kila kitu kinachofuata — sikuona.

Namdharau. Si kwa uwongo. Uwongo una kazi yake, unataka kumbukumbu na usikivu. Namdharau kwa uvivu. Hakutaka hata kunikataza. Amekodi bahari imkatazie.

Na mimi je? Niliyekuwa na jibu siku kumi, nikalibeba kama mtoto anayesubiri kuulizwa.

Adhuhuri nilimwomba tufungue kisanduku leo. "Kesho, bibie. Si tulikubaliana?" Akanilisha kipande cha nanasi kwa uma wake. Nikakila. Sikumwambia ninachojua, angeuliza nani kaniambia, na kofia ya ungo ni kimoja tu kati ya vitu anavyoweza kupoteza Roselyne.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa nne na robo. Jabir hayupo. Kikaratasi juu ya mto: "Nimekwenda kukandwa mgongo. Dakika mia na ishirini. Tukutane chakula cha mchana, mpenzi." Amechora moyo. Amechora moyo na ndani yake ameandika W, herufi ya jina langu.

Saa tano kasoro robo. Roselyne amenipa simu yake nyuma ya stoo ya vikombe. Nimefungua ukurasa wa maabara, nimeandika jina, namba ya ikama, ile ya kibali cha ukaazi, kila kitu. Nimebonyeza "Nakubali". Wanataka namba za siri. Wametuma kwenye simu yangu. Simu yangu imo kwenye chuma.

Nimepiga kwa maabara. Imejibu mashine, ikanisifu kwa uvumilivu wangu.

Saa tano na dakika kumi. Mapokezini. Saif anasema hana ufunguo mwingine, fundi wa visanduku yuko mjini mpaka alasiri. Anasema pole mara nne. Chumba cha kukandia wanaume mimi siingii, na mgeni aliyelala mezani haamshwi, ndiyo sheria ya nyumba.

Roselyne alikuwa akipita na trei. Hakusimama. "Ian ndiye anamkanda. Ni wa kwetu. Ngoja."

Saa tano na dakika thelathini na tano. Naandika hapa hapa, kwenye kochi la rangi ya chungwa, kisanduku kiko mbele yangu mezani. Saif amekiweka bila mimi kumwomba. Nikiacha kuandika nitahesabu dakika, basi naandika.

Saa sita kasoro kumi na mbili. Anakuja. Joho jeupe la hoteli, uso umelainika kwa mafuta. Ian kamwambia mkewe anaumwa. Ananiona mzima, anaona kisanduku, na uso unabaki ule ule wa mafuta. Anaketi kando yangu. Anauliza kwa Kiswahili, taratibu, meno nje kwa ajili ya Saif, "Kuna nini, Wafaa?"

Nimemwambia afungue. Anasema bado muda upo. Anasema tukazungumze chumbani. Anasema, "Usitutie aibu mbele za watu," na anaangalia pande zote kwa utulivu mkubwa, maana hao watu, kwake, hawapo. Nimeweka mkono wangu. Taa moja ya kisanduku imewaka kijani. Ya pili haijawaka.

Kasoro saba. Sasa kaukunja mkono wenye bangili ndani ya joho. Ananinong'oneza kwamba mama yake ni mgonjwa wa presha na kwamba mimi si mwanamke wa kuishi peke yangu. Uhamisho umekataliwa, anasema. Wamemwandikia jana. Kwa simu ipi, nimeuliza.

Roselyne amekuja na glasi moja. Amesimama mbele yake, kofia na marinda na kibendera, ameinama kidogo kama walivyomfundisha.

"Karibu juisi, bwana. Ya machungwa. Kama ile ya Jumanne."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Bungoma, kila neno limesimama wima.

Jabir hakuichukua. Anamtazama kibandikoni, halafu usoni, halafu tena kibandikoni. Sijawahi kumwona akimtazama mtu muda mrefu hivi. Pale kwenye mafuta pametoka jasho.

Kasoro nne. Nimesimama, daftari mkononi. Nimemwambia kwa Kiarabu, sauti ya kutosha kufika kwa Saif, kwa wenye magitaa, kwa mke wa mmoja wa wahandisi wale, anayejifanya anatafuta miwani: Jabir, toa mkono uuweke juu ya kisanduku, nijibu kazi yangu.

Magitaa yamenyamaza. Saif amekuja mpaka mezani. Roselyne hajaondoka, glasi bado kaishika.

Jabir anainama sikioni mwangu. Bado kwa Kiswahili. Bado ananong'ona. Namjibu kwa Kiarabu kila neno.

Kasoro mbili. Mkono umetoka kwenye joho. Uko juu ya meza, shubiri moja kutoka kwenye chuma, na sote wanne tunautazama. Naweka kalamu chini.